Kisahani cha Baba na Maneno ya Waliokirusha

Nyumbani kule kule,
S.L.P. ile ile.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu kabla hujaanza kuhesabu nani amekufa, maana nakujua, ukiona bahasha yenye mwandiko wangu moyo unakwenda mbio. Hakuna msiba. Sote tu wazima wa kutosha, tunakula na kulala, na Mama bado anagombana na redio kila asubuhi kana kwamba mtangazaji anamsikia.

Wasiwasi ni kwenu. Mgongo wa wifi unaendeleaje? Mara ya mwisho alisema hata kuinama kuwafunga watoto viatu ni shughuli. Mwambie wale wamekua, wajifunge wenyewe, shangazi yao ndiye aliyesema. Na yule mdogo, jino la mbele limeota au bado akiitikia salamu anapiga mluzi? Wewe mwenyewe goti likoje? Usinijibu "zuri tu" kama unavyomjibu Mama. Mtu wa goti bovu hazunguki vichakani kila Jumamosi na begi la visahani akitafuta kapu la minyororo. Lakini wewe na mchezo wako huo wa gofu ya visahani, kurusha plastiki mpaka iingie kapuni, sikio la kufa.

Utajiuliza kwa nini barua, zama hizi za simu. Simu ukinipigia nyumbani, Baba yupo pale pale sebuleni, na tangu macho yaanze kumwacha masikio yamekuwa makali, anamsikia jirani akifungua kopo. Nikikupigia nikiwa huku kazini, karakanani, mashine zinanguruma. Nikisimama barabarani nitalia mbele za watu. Kwa hiyo nimekaa kwenye meza yangu ya kufungia maboksi, wenzangu wamekwenda kula, na mimi nakuandikia.

Hayo macho nikueleze sawasawa, maana kwenye simu huwa tunakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ni presha ya macho. Daktari alisema kilichokwenda kimekwenda, dawa ni ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo. Baba anauona mwanga wa dirisha. Anaona kuna mtu mlangoni, hajui ni nani mpaka mtu aongee. Karakanani anakuja kila siku vilevile, anavaa aproni, anakaa kwenye benchi lake kati ya mashine ya kukereza na kabati la tupa. Bosi hana roho ya kumwambia apumzike. Bosi ni yule yule tuliyempa jina la Bwana Subiri, na hajaacha kulistahili.

Sasa habari yenyewe. Kisahani cha Baba kimetoka. Ile draiva, ya kwenda mbali, imetoka, rangi ya chungwa, mia mbili kamili, na wachezaji wa hapa kwetu wanaocheza kwenye uwanja wa nyuma ya chuo wamekwisha kuzirusha.

Najua ukilisikia neno kisahani na neno Baba pamoja unaukumbuka msumeno. Hata mimi naukumbuka. Ulimwonyesha kile cha bluu ulichokipata kwa kushinda mashindano, ukaenda kuoga, uliporudi ukakikuta mezani vipande viwili, na Baba anaupima ukingo kwa kipimo cha chuma, uso umemchangamka. Ulinuna siku tatu ukaondoka bila kuaga vizuri. Sikukulaumu, na sikulaumu leo. Ila na wewe, Kaka, humjui? Mtu aliyechonga kalibu za chuma za kumiminia mabeseni na ndoo miaka thelathini na nne, ukimpa kitu cha plastiki atataka kuona unene wake kwa ndani. Kwake kukikata ilikuwa ni kukisifu. Alipokuona umekasirika hakujua la kusema, na mpaka leo hajui.

Tangu ulipoondoka akaanza kuchonga kalibu. Miaka minne, saa za chakula na Jumamosi mchana, mwanzo akiona vizuri, mwisho akipapasa. Hakumwambia mtu kwamba ni kwa ajili yako. Hakuwa na haja ya kusema, sisi si vipofu. Kilipotoka, cha kwanza kabisa alikifunga mwenyewe kwa karatasi ya kaki, akanifanya niandike anwani yako mara tatu mpaka akaridhika kwamba sikukosea namba ya mlango, tukakipeleka posta. Kama posta haijalala, unacho tayari, au utakipata kabla ya barua hii.

Na hapo ndipo mambo yaliponiharibikia.

Kazi yangu siku hizi si kufunga maboksi tu. Bosi alinipa daftari niandike maoni ya wachezaji, kila mmoja aliyerusha kisahani kipya aseme alivyokiona. Wa kwanza alikuwa daktari wa meno. Akasema kinashikika vizuri sana, plastiki haitelezi hata mkono ukiwa na jasho, na ukingo umepigwa tupa ukawa safi, hakuna unywele hata mmoja wa plastiki uliobaki. Akasema hajawahi kushika kilichosafishwa hivyo kutoka karakana ndogo. Nilifurahi nikataka kumkumbatia. Kisha akasema lakini. Lakini kikifika katikati ya safari kinakata kushoto na kushuka, kama kimeitwa na mtu.

Nikajiambia huyo ni mmoja. Akaja mwenye duka la viatu. Alirusha mara sita, na mara zote sita akakifuata kwenye kichaka kimoja upande wa kushoto, akaniuliza kama tumefunga mkataba na kile kichaka. Mwalimu wa hesabu aliniletea kurasa mbili na mchoro: rangi safi, uzito sahihi, hatua arobaini za kwanza ni raha tupu, baada ya hapo usikiwekee tumaini. Nesi mmoja akasema chake kinakwenda kulia. Bosi kusikia hivyo akachangamka, akadhani walau mmoja amepata kizima. Ikabidi nimweleze kwamba yule nesi anatumia mkono wa kushoto, ugonjwa ni ule ule. Akasema subiri.

Watu kumi na tisa, Kaka. Kumi na tisa wanasema ni kizuri mkononi na kibaya hewani. Hakuna anayesema kwa chuki. Wengine wanasikitika kabisa, maana wanajua nani kakichonga.

Baba kila jioni akirudi, akishavua viatu, ananiita nimsomee daftari. Siku ya kwanza nilifungua ukurasa wa daktari wa meno nikasoma hakitelezi, hakina unywele, hajawahi kushika kitu kama hicho. Nikafika kwenye lakini, nikauona uso wake ulivyokaa, nikafunga daftari. Nikasema ni hayo tu. Siku ya pili nikafanya hivyo hivyo. Sasa ni wiki ya tatu namsomea nusu nusu. Mama ananiangalia kutoka jikoni, na juzi alinipitia karibu akaninong'oneza kwamba njia ya mwongo ni fupi. Kana kwamba mimi silijui hilo.

Kinachonitafuna ni kwamba sababu naijua. Unakumbuka Baba anavyolijaribu beseni? Likitoka mashineni, bado lina joto, analigonga, analikunja, anasema linafaa au halifai. Beseni likitoka limetoka, hata likisinyaa kidogo kesho yake, nani atajua, maji yatakaa. Kisahani nacho alikijaribu hivyo hivyo. Kilipotoka tu tulikwenda naye nyuma ya karakana, fundi wa mashine akakirusha bado kina uvuguvugu, kikaenda kama kimenyooshewa rula. Baba alisikia watu wakishangilia, akasema chapa mia mbili.

Mimi nilikiweka kimoja kwenye droo ya meza. Siku ya kumi nikakitoa, nikakilaza juu ya kioo cha meza ya bosi, na ukucha wangu ukapita chini ya ukingo. Siku ya kwanza haukupita. Kilikuwa kimepoa, kikasinyaa, ukingo ukanyanyuka unene wa ukucha. Nilijua hapo hapo kwamba hakitaruka tena kama siku ile. Nikamwendea bosi, akasema subiri, na maboksi yakaondoka kesho yake asubuhi. Baba sikumwambia. Nilijiuliza, akijua atafanya nini kwa macho yale? Kalibu anaijua yeye peke yake, hakuna mchoro, ilikuwa kichwani mwake. Nikasema funika kombe mwanaharamu apite. Basi hajapita, Kaka, amekaa na ameomba chai.

Na bado Baba hajali sana hao kumi na tisa. Anawasikiliza, anatikisa kichwa, halafu anauliza kama wewe umesema chochote. Ananiambia wale wa hapa wanacheza kwa kujifurahisha, lakini wewe unajua, neno lako ndilo atakalolishika. Jumapili iliyopita ulipopiga simu alivaa shati safi. Mtu anavaa shati safi kwa ajili ya simu! Mkazungumza habari za watoto na kodi ya nyumba mkaagana. Alipoiweka simu akasema labda hakijafika.

Ndiyo nakuuliza wewe. Hakijafika, au kimefika umekirusha ukanyamaza? Ukimwambia kibaya, sijui atainuka vipi. Ukimwambia kizuri, atakuwa amedanganywa na watoto wake wote wawili. Nimefikiri mpaka nimechoka, na sijui nikuombe nini. Ngoja niishie hapa, wenzangu wanarudi. Nitaipeleka posta kesho.

Alhamisi, tarehe 11.

Kaka, sikuipeleka. Afadhali, maana nisingepata pa kuongezea haya.

Leo asubuhi, kabla ya chai, Baba aliinuka kwenye benchi akaniambia nimletee kisahani kimoja cha wiki za nyuma, si kipya. Kile cha kwenye droo yangu, kwa kuwa ndicho nilichokuwa nacho karibu, nikampa. Akanishika bega tukatoka nyuma. Unaukumbuka ule uwanja wa karakana: mbele kabisa ukuta, na kushoto lile lundo la mabeseni yaliyokataliwa yanayongoja kusagwa. Akaniambia nimgeuze auelekee ukuta. Nilimgeuza. Hajawahi kurusha kisahani hata siku moja maishani mwake. Alikishika kama alivyokuwa akikushika wewe ulipokuwa unajaribu baiskeli, kwa nguvu kuliko inavyohitajika, akazungusha kiuno, akakiachia.

Kilikwenda vizuri, Kaka. Kwa mzee wa umri ule kilikwenda vizuri sana. Kisha kikakata kushoto kikaangukia kwenye mabeseni, ko. Mashine zilikuwa zinanguruma nyuma yetu. Nikajiambia hakusikia. Akauliza kimefika wapi. Mdomo wangu ukajibu wenyewe kwamba kimenyooka, kimefika ukutani.

Akaniambia nikilete. Nilikwenda kwenye mabeseni nikakiokota, nikataka kurudi, ndipo nikakumbuka kwamba ukuta uko mbali. Basi nikatembea mpaka ukutani nikiwa nimekishika, peke yangu kama mwehu, nikagusa ukuta, nikarudi. Kandambili zangu zilikuwa zikipiga pata pata pata njia nzima. Nilipofika nikamwekea mkononi. Alikipitisha kidole ukingoni, kote, polepole, akamaliza mzunguko.

"Umetembea sana, mwanangu," akasema. "Kiliangukia kwenye mabeseni."

Sikuwa na uso wa kumtazama, ingawa yeye hanioni. Hakunigomba. Ningefurahi angenigomba. Aliomba tu nikachukue daftari, tukakaa kwenye benchi lake, akasema nianze ukurasa wa kwanza na nisiruke kitu. Nikasoma. Daktari wa meno, mwenye duka la viatu, mwalimu na mchoro wake, nesi, wote kumi na tisa na lakini zao kumi na tisa. Fundi wa mashine alipunguza mngurumo wa mashine akasimama mlangoni. Bosi alitoka ofisini, akatusikia, akarudi ndani bila kusema hata ile subiri yake.

Nilipomaliza aliuliza swali moja tu, kwamba tulikijaribu siku gani. Nikamwambia siku ile ile kilipotoka, kikiwa bado na joto.

"Beseni," akasema. Neno hilo moja, na nikajua amekwisha kuelewa yote, haraka kuliko mimi niliyekaa nalo wiki tatu.

Akataka aletewe nusu ya chini ya kalibu. Tulikuwa watu wawili kuibeba. Akaingiza vidole akautafuta mstari wa ukingo, akaupata, akaupoteza, akaupata tena. Akanyoosha mkono kwenye kabati, akachagua tupa kwa kuipapasa, ile nyembamba kabisa. Akaiweka kwenye chuma. Ncha ikateleza nje ya mstari, akairudisha, ikateleza tena. Alikaa hivyo, tupa juu ya chuma, hakupiga hata mara moja, kisha akanirudishia tupa niiweke mahali pake. Akasema ni unene wa ukucha tu, zamani angeuondoa kabla ya chai.

Mimi nililia. Nilimwomba radhi, nikamwambia nilijua tangu siku ya kumi, kwamba ningesema mapema maboksi yasingeondoka. Akasema hata ningesema asingeamini, kwa kuwa alisikia watu wakishangilia. Sijui kama ni kweli au ananihurumia. Nadhani ananihurumia. Mtu haoni mbele yake hatua mbili, na bado yeye ndiye anayenifuta machozi.

Halafu akaniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema:

"Mwandikie kaka yako. Mwambie asikirushe. Akiweke tu."

Nikamwambia barua itachelewa, nitakupigia simu leo leo. Akakataa. Akasema kwenye simu utalazimika kumjibu, na yeye hataki ujibu. Baadaye nimeishika simu yangu mara mbili, mara zote mbili nikairudisha mfukoni. Nimekwisha kufanya mambo nyuma yake ya kutosha.

Kwa hiyo ujumbe ndio huo, na najua fika unaweza kukufikia wakati kisahani kimekwisha kulala kwenye kichaka fulani huko kwenu, upande wa kushoto. Kama hujakirusha, usikirushe. Kama umekirusha, sijui. Kwa kweli sijui. Jumapili ukipiga atapokea mwenyewe kama kawaida, na sina la kukufundisha useme nini. La kwangu nililijaribu, umeona liliponifikisha.

Bosi ameamua visahani vilivyobaki visagwe. Kalibu imewekwa rafu ya juu na kufunikwa gunia. Baba ameulizia kama kuna kazi ya vifuniko vya ndoo, na ipo, atakuwa anakagua kwa vidole.

Nisalimie wifi, na mwambie nimemwekea ile krimu ya mgongo anayoisifu, nitaituma mtu akipatikana. Wabusu watoto wote, huyo wa jino mbusu mara mbili. Mama anakusalimu sana, anasema ule, na uache kuzurura vichakani na goti hilo. Fundi wa mashine anakusalimu, na Bwana Subiri naye, ingawa kasema salamu zake nitume baadaye. Mungu akutunze huko uliko, akupe watu wa kukuambia ukweli kwa upole, na akurudishe nyumbani tukiwa bado tunaonana.

Nilimuuliza na Baba kama ana salamu za kuongeza. Akasema hana, zake alikwisha kuzifunga mwenyewe kwenye ile karatasi ya kaki.

Wako akupendaye bila kujua la kufanya,

Mdogo wako wa meza ya maboksi.